Maji Laini ya Modeste

Mtu akikwambia anakula chakula kisicho na chumvi kwa sababu ya mapenzi, mtazame vizuri. Ama ni mwongo, ama ni Euphrasie. Huyu alikuwa mwanamke wa Bukavu, mke wa Modeste, na tangu daktari wa moyo alipomkataza mumewe chumvi, yeye naye aliacha kuitia mdomoni. Angeweza kupika sufuria mbili, lakini alisema sufuria mbili katika nyumba moja ni mwanzo wa ndoa mbili, akapika moja. Sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa haina chumvi, maharage hayana chumvi, samaki wa limau na pilipili tupu. Hata mkate aliuoka mwenyewe, maana aliambiwa hospitalini kwamba mkate wa dukani una chumvi kuliko watu wanavyodhani.

Waliishi Koekelberg, mjini Brussels, nyuma ya Basilika, katika nyumba nyembamba ya matofali waliyoinunua kwa jasho la wote wawili. Modeste alifika Ubelgiji kusoma, masomo yakamshinda, akaishia katika kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli mpaka moyo wake ulipochoka. Euphrasie aliwahudumia wazee wa Kibelgiji majumbani mwao, akiwaosha, akiwalisha, akisikiliza habari za watoto wao wasiokuja kuwaona. Binti yao wa pekee, Gracieuse, alikuwa ameolewa Lille. Basi nyumba ilibaki na watu wawili na sufuria moja.

Ugonjwa wa Modeste ulikuwa siri. Kwa watu wa nyumbani waliokuwa Brussels, alikuwa papa Modeste mwenye sauti nzito ya kwaya, mzee wa mzaha, aliyestaafu mapema kwa sababu alichoka na mashuka ya wageni. Sheria ya kuficha aliiweka Euphrasie. Aliwajua watu wake. Kwao mwanamume akiugua, ukoo hauulizi kwanza daktari amesema nini, unauliza mke alimlisha nini. Na ukoo wa Modeste hapo Brussels ulikuwa mtu mmoja tu, lakini huyo mmoja alitosha: dada yake Viviane, aliyekaa Saint-Gilles karibu na stesheni ya Gare du Midi, na ambaye tangu siku ya harusi hakuwahi kumwita wifi yake kwa jina.

Modeste angependa kumwambia dada yake. Alilisema jambo hilo mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa. Euphrasie alikataa, tena akamkataza asiende kabisa kwa Viviane, maana yule mwanamke angemwona tu anavyohema kwenye ngazi na kujua. Wakialikwa kwenye karamu walisema wamefunga kula. Walifunga mara nyingi hata padri akaanza kuwatolea mfano kanisani, na Modeste alicheka njia nzima ya kurudi.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Maji ya Brussels ni magumu. Si machafu, ni magumu. Yana chokaa, na yakichemshwa yanaacha ukoko mweupe. Euphrasie alilelewa kuchemsha maji, na miaka yote ya Ulaya haikumtoa tabia hiyo. Alichemsha, akayapoza, akayafunika na sahani, kikombe chake juu. Kwa hiyo ukoko huo aliuona kila siku. Aliukwangua kwa kijiko, ukarudi. Aliuchemsha na siki, ukarudi. Asubuhi moja, katika mwaka wa tisini na tatu, aliichukua birika akaipeleka hadi kitandani kwa mumewe.

"Papa Gracieuse, angalia hii. Kama inafanya vile mu birika, mu moyo yako inafanya nini?"

"Moyo yangu haiko birika, Mama Gracieuse. Miye sichemkake."

"Weye unacheka. Docteur alituonyesha dessin. Mishipa yako iko inafungana."

"Docteur hakusema ni mayi."

"Docteur anakunywaka mayi ya chupa. Atajua nini?"

Modeste alijifunika shuka. Mwanamke mwenye uchungu na mumewe hashindiki kwa mzaha, na yeye alikuwa amejua hilo zamani.

Euphrasie akaanza kutafuta dawa ya maji jinsi wengine wanavyomtafutia mwana mchumba: aliuliza, alichunguza, alikataa. Kwanza alionyeshwa jagi lenye chujio la mkaa, la kujazwa kwa mkono. Akasema hilo ni la mwanafunzi wa chumba kimoja. Kisha mzee mmoja aliyekuwa akimhudumia akamsifia sumaku ya kufungwa kwenye bomba, eti chokaa ikipita hapo inasahau kuganda. Euphrasie aliitazama ile sumaku kwa jirani wa mzee, akaitazama na birika ya huyo jirani, nyeupe hadi kwenye mdomo, akaaga kwa adabu. Mara ya tatu akaonyeshwa mtambo mdogo wa kuwekwa chini ya sinki, unaosukuma maji kwenye utando mwembamba hata yakatoka bila kitu chochote ndani yake. Lakini maji yalitiririka kama machozi ya mnafiki, na mengine mengi yalimwagwa bure. Mtoto wa Kadutu, kule Bukavu, aliyebeba maji mgongoni tangu utotoni, hawezi kulipenda bomba linalomwaga maji. Akaukataa.

Uamuzi aliupata kwenye maonyesho ya vitu vya nyumba, katika mabanda makubwa ya Heysel. Hapo muuzaji mmoja alikuwa na mashine ya kulainisha maji, ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza, yenye vishanga vinavyokamata chokaa na tangi la chumvi la kuvisafisha vishanga hivyo. Alitikisa sabuni katika glasi mbili, moja ikajaa povu, nyingine ikabaki na uji wa kijivu. Povu halikumshtua Euphrasie. Kilichomshika ni kipande cha bomba kilichokatwa katikati na kuwekwa mezani. Ndani yake chokaa ilikuwa imejenga ukuta, njia ya maji imebaki tundu la kupitisha penseli.

Alisimama pale mpaka watu wakaanza kumpita pembeni. Ilikuwa ni ile picha ya daktari. Mshipa uleule, tundu lilelile. Muuzaji aliendelea kusema juu ya mashine za kufulia na bili za umeme, na Euphrasie hakuwa anasikia tena. Alikuwa amekwisha kuchagua, na alichagua kwa macho, kwa hofu, kwa upendo, jinsi watu wengi wanavyochagua vitu vikubwa.

Kuifunga hakutaka Mzungu amwingilie chumba chake cha chini. Akamwita Donat, kijana wa Lubumbashi, fundi bomba wa kweli mwenye kazi katika kampuni, aliyeimba tena katika kwaya ileile na Modeste. Alikuwa na kasoro moja tu: mkewe Nathalie. Mwanamke mwema, lakini kitu kikiingia sikioni mwake Jumamosi, Jumapili kinatoka kanisani pamoja na waumini.

Donat alifika, akavua viatu mlangoni, akala mandazi aliyowekewa, na kabla hajafungua sanduku lake la vyuma akauliza.

"Maman, mbele ya kuanza. Kuko muntu mugonjwa mu nyumba? Wa moyo, wa figo, tension?"

Modeste alikuwa ghorofani, amelala. Euphrasie alisikia swali hilo akaona nyuma yake uso wa Nathalie, na nyuma ya Nathalie uso wa Viviane.

"Mugonjwa? Hapana. Hapa tuko wazima, Mungu asifiwe. Juu ya nini unauliza?"

"Bon, patron alitufundisha vile. Tunaulizaka ku kila nyumba."

"Basi umeuliza."

Donat akashuka chini, akapima mabomba, akapanda tena na penseli sikioni. Alieleza kwamba maji ya mashine yatakwenda bafuni, kwenye mashine ya kufulia na kwenye tangi la maji ya moto. Bomba la jikoni wataliacha na maji ya mji, yale ya kunywa.

Euphrasie aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea vitunguu.

"Donc mayi ya muzuri ni ya kuosha miguu, na ya mubaya ni ya kunywa?"

"Haiko mubaya, maman. Ni vile tunafanyaka."

"Kwa Wazungu. Kwetu mayi ya kunywa njo ya kwanza. Mama yangu alikuwa na mutungi ya kunywa, hakuna muntu aliosha hata kidole na ile mayi. Na wewe unataka mashuka yangu ikunywe mbele ya bwana yangu?"

"Maman, patron anasema..."

"Patron iko hapa?"

Fundi wa Kibelgiji angesema hapana. Angekunja mikono, angedai maelezo, angefungasha vyuma vyake na kwenda zake. Donat alikuwa na mikono na akili ya fundi yeyote wa mji ule, lakini alilelewa vizuri, na malezi mazuri yana ubaya wake. Mbele yake alisimama mwanamke wa umri wa mama yake, katika jiko la mwanamke huyo, na mandazi yake yalikuwa tumboni mwake. Tena alikuwa ameambiwa hakuna mgonjwa. Kubishana mara ya pili kungekuwa utovu wa adabu.

"Ndiyo, maman," akasema, na akaliunganisha bomba la jikoni pia. Juu yake akamwekea chujio la mkaa ili kutoa harufu ya klorini, akamwonyesha jinsi ya kujaza chumvi kwenye tangi. Chumvi hiyo, alimweleza, inaosha vishanga halafu inakwenda na maji machafu kwenye mfereji. Euphrasie alicheka. Alisema sasa nyumba ina mtoto mpya anayekula chumvi ya watu wote.

Na kweli maisha yakalainika. Sabuni ilitoa povu, nguo zikawa nyororo, birika ikang'aa ndani kama siku iliyonunuliwa. Euphrasie aliwaonyesha wageni ile birika wakati wengine wanaonyesha picha za wajukuu. Mifuko ya chumvi aliibeba mwenyewe kutoka dukani, amekataa kigari. Aliuweka mfuko mgongoni, mkanda wa kitambaa ukapita kwenye paji la uso, jinsi wanawake wa Bukavu wanavyobeba makaa, na Wabelgiji wa Koekelberg wakageuza vichwa. Hakujali. Alikuwa akimbebea mumewe maisha.

Modeste aliyapenda maji hayo, kuliko Euphrasie alivyotarajia.

"Mama Gracieuse, mayi yako hii iko na goût," alisema siku za mwanzo akiisifu ladha yake, ameinua glasi dirishani. "Miye nilisahaula kama mayi iko na goût."

"Unaona? Ulikuwa unanicheka."

"Sikucheke tena. Ongeza."

Mtu aliyekatazwa chumvi kwa muda mrefu anajua chumvi ilipo hata ikijificha. Mdomo wake uliijua. Kichwa chake hakikuijua, wala cha mkewe. Euphrasie aliongeza. Alimpikia chai kwa maji hayo, uji kwa maji hayo, supu kwa maji hayo, ugali kwa maji hayo. Na kwa kuwa alizoea kuchemsha, aliyachemsha kwanza, mvuke ukaenda na kilichobaki kikabaki kizito zaidi.

Kufikia majira ya baridi miguu ya Modeste ilianza kuvimba. Kidole kikibonyeza, shimo linabaki. Wakaenda Woluwe, kwenye hospitali kubwa ya chuo kikuu, wakamlaza, na humo alikula chakula chao na kunywa maji ya chupa. Miguu ikanywea. Wakamrudisha Koekelberg, ikavimba. Wakamlaza tena, ikanywea. Bibi mmoja wa lishe, mpole, mwenye kalamu ya rangi, akawakalisha na kuwauliza kila kitu: mkate, jibini, nyama za kopo, vidonge vya supu. Hakuuliza juu ya bomba. Euphrasie alijibu yote kwa kiburi cha mwanamke anayejua jiko lake. Mwisho yule bibi akamgeukia Modeste na kumwambia kwa upole kwamba mtu anayekula hivi nyumbani hawezi kuvimba hivi, na kwamba hakuna aibu kusema.

Euphrasie alimtazama mumewe. Hapo ndipo kitu kilipovunjika, na hakikutoa sauti.

Modeste alikuwa na desturi ya kwenda sokoni Gare du Midi kila Jumapili baada ya misa. Alisema anapenda kelele zake, anapenda kusikia watu wakigombea nyanya. Jumapili iliyofuata, mumewe alipokuwa amelala, Euphrasie alipekua koti lake akakuta karatasi yenye mafuta. Aliinusa. Makayabu, samaki wa chumvi, yule ambaye kipande chake kimoja kinatosha kumharibu mgonjwa wa moyo kwa juma zima. Alimwamsha na karatasi mkononi.

"Hii ni nini?"

Modeste aliinuka akakaa kitandani.

"Nilinunua. Nikanusa. Nikapea muntu."

"Ulinusa."

"Nilinusa, Mama Gracieuse. Nilisimama ku arrêt ya tram, nikanusa, nikapea muntu. Sikukula."

"Nani?"

Modeste alikunja ile karatasi bila kumtaja. Alikuwa amempelekea Viviane, dada yake, ambaye yeye alikuwa amekatazwa kwenda kwake. Euphrasie alicheka kicheko kibaya. Alimuuliza ni mwanamume gani duniani anayenunua samaki wa kunusa. Modeste aliapa kwa jina la mama yake marehemu. Kwao mtu akiapa hivyo, mazungumzo yamekwisha. Euphrasie hayakumwishia.

Tangu siku hiyo alimlinda kama mfungwa. Alimkataza Midi, akamkataza kwenda hata kanisani peke yake. Miguu ikaendelea kuvimba. Mtu mwingine angejiuliza: kama hatoki, anakula wapi? Euphrasie alijiuliza, na jibu alilopata ni kwamba amezidi ujanja. Alipekua saraka za nguo, nyuma ya redio, chini ya ngazi, nyuma ya mashine ya maji yenyewe, akisukuma pembeni mifuko ya chumvi aliyoileta mwenyewe ili aone kama hapo nyuma kuna kopo la samaki. Hakukuta kitu. Akamchukia kwa kutokukuta kitu. Yeye aliyeacha chumvi kwa ajili yake, aliyekula maharage ya mgonjwa na meno mazima, sasa anadanganywa na mtu huyohuyo. Alimwambia hayo, tena si mara moja. Alimwambia: "Unataka kufa, kufa, lakini usinifanye mujinga." Kisha alimletea glasi ya maji.

Katika vuli ya mwaka uliofuata walimpeleka Woluwe mara ya mwisho. Alikuwa amekonda usoni na amejaa chini, akihema hata akipumzika. Euphrasie alikaa kando ya kitanda, mkoba magotini, mdomo umefungwa. Hawakuwa wamezungumza vizuri tangu Pasaka. Modeste alimwangalia mchana kutwa, na jioni haijaingia akamwita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya tangu Gracieuse azaliwe.

"Euphrasie."

"Niko."

"Bon. Nilikulaka. Ku Midi. Unisamehe."

Euphrasie alilia. Ee, jinsi alivyolia. Alimshika mkono akamwambia amemsamehe, yamekwisha, mwanamume ni mwanamume na tumbo ni tumbo. Alijisikia mwepesi, na zaidi ya wepesi alijisikia mwema. Modeste alifumba macho, uso umetulia, kama mtu aliyemaliza kulipa. Siku chache baadaye akafa.

Bukavu mwaka huo ilikuwa imefurika wakimbizi kutoka Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, na kumrudisha maiti halikuwa jambo la kuwaza, basi akazikwa hukuhuku, katika udongo wenye maji. Watu walijaa nyumba ya Koekelberg. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio kilifichua yote: moyo, madaktari, miaka ya kufunga kwa uongo. Viviane aliketi juu ya mkeka sebuleni, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Swali ambalo Euphrasie aliliogopa miaka yote likaulizwa mbele ya watu, na shangazi mmoja aliyetoka Liège.

"Alikulaka nini?"

"Chumvi," Euphrasie akajibu. "Mu siri. Mwenyewe alikubali mbele ya kufa."

Alisubiri dhoruba. Lakini Viviane aliinamisha kichwa.

"Ni kweli. Aliniita ku hôpital. Akaniambia: Viviane, ni miye nilikula, musimulaumu bibi yangu, alinipikia muzuri." Akajifuta macho. "Na miye sikujua hata kama iko mugonjwa, mpaka siku ile. Mwaka ile aliniletea makayabu ku nyumba, dimanche, kisha misa. Nikamwambia kaa tukule, akakataa. Akasema ananusa tu."

Wanawake wakaguna kwa huruma. Euphrasie alinyanyuka akaenda jikoni kuwachemshia watu chai, maana mtu akiwa na kazi ya mikono anaweza kuahirisha kufikiri.

Hakuahirisha muda mrefu. Jumamosi moja baada ya wageni kutawanyika, Donat aligonga mlango. Siku za msiba alikuwa Namur kwa kazi ya kampuni, na aliporudi Nathalie alimwambia papa Modeste amekufa kwa moyo. Aliingia, akaketi na koti lake, hakugusa mandazi. Alikuwa akitazama bomba la jikoni.

"Maman. Niliuliza."

Euphrasie hakuelewa mara moja.

"Siku ile. Niliuliza kama kuko mugonjwa."

Kisha akamweleza, na macho yake hayakutoka sakafuni. Vile vishanga vinakamata chokaa, ndiyo, lakini havikamati bure. Vinaachia sehemu ya chumvi pahali pa chokaa. Si chumvi yote inayokwenda mfereji. Kidogo inaingia kwenye maji. Mtu mzima haimfanyi kitu. Mwenye moyo, aliyekatazwa kabisa, huyo hatakiwi kuyanywa, ndiyo maana bomba la jikoni linaachwa. Ule mtambo wa chini ya sinki alioukataa Euphrasie, huo ndio ungeitoa chumvi yote.

"Na yeye alikunywa mingi?" Donat akauliza.

Euphrasie alikumbuka glasi dirishani. Ongeza.

"Njo ilimuua?"

"Sijui, maman. Miye si munganga."

Alimuuliza na mganga. Alikwenda Woluwe, akamkuta daktari wa moyo kwenye ukumbi, akamweleza. Daktari alikohoa, akasema huenda ilichangia, moyo ulikuwa umechoka kwa vyovyote, haiwezekani kujua, asijitese. Maneno mazuri. Euphrasie aliyabeba hadi kwenye metro akayaona hayana uzito. Chumvi ilimuua au haikumuua, hilo Mungu anajua. Alilolijua yeye ni jingine, na hilo halikuhitaji daktari: Modeste hakula. Aliapa kwa mama yake na aliapa kweli. Alinunua samaki wa kunusa na alimnusa kweli. Na mwishoni, akiona mkewe hatamwamini na hatamshika mkono, alikubali kosa lisilo lake ili ashikwe mkono. Na yeye, Euphrasie, akamsamehe. Alimsamehe! Hasira ya kujikumbuka alivyomshika mkono akilia, na wema wake wote huo, ilimfanya ashuke kituo kisicho chake na kusimama pale jukwaani.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda Saint-Gilles, akapanda ngazi za Viviane kwa mara ya kwanza, akasema yote bila kuketi: mashine, swali la Donat, uongo wake mlangoni, bomba, glasi.

"Kaka yako hakukula. Ni miye nilimupa, mu mayi. Nataka ujue, na uambie batu."

Euphrasie alingoja tusi, alilitamani. Badala yake wifi yake alimshika mabega.

"Euphrasie," akasema, na alikuwa hajawahi kumwita hivyo. "Unamupenda mpaka unataka kubeba zambi yake. Acha."

"Haiko zambi yake."

"Alisema mwenyewe. Muntu anakufa, anasema neno, sisi tutaigeuza? Neno ya mwisho ya mufu haigeuzwake. Kama hakukula kwangu, alikula pengine. Mayi? Mayi njo iue muntu? Kaa, nikupe chai."

Alisema tena, akasema kwa Gracieuse kwa simu, akasema kwa shangazi wa Liège, akamtuma Donat athibitishe, na Donat alithibitisha kwa sauti ndogo ya mtu anayejiogopea. Ikawa vilevile. Wote waliona ni huzuni inasema. Modeste alikuwa ameliziba kosa la mkewe kwa neno lake la mwisho, na aliliziba vizuri mno, kama kazi zake zote.

Donat aliyarudisha jikoni maji ya mji. Birika ikawa nyeupe tena, na Euphrasie hakuikwangua.

Siku ya kuondoa matanga watu walikusanyika katika ukumbi wa parokia. Nathalie alisimama kusema, akawaambia wasichana wamtazame maman Euphrasie, mwanamke aliyekula bila chumvi kwa ajili ya bwana yake na hakumlaumu hata alipodanganywa. Watu wakapiga makofi. Kisha chakula kikaletwa, mbuzi, ndizi, sombe yenye harufu ya makayabu, na mbele yake, kwa mikono miwili, Viviane akaweka sahani iliyofunikwa. Walikuwa wamempikia sufuria yake peke yake, bila chumvi hata punje, kwa heshima.

Euphrasie aliifunua, akashukuru, akaila yote.